Herufi R na mipira miwili iliyopasuka: jinsi nilivyojifunza kutoka Kelvin kwenda Rankine

Juu ya meza yangu ya kazi, katika karakana ninamotengeneza kompresa hapa Lubumbashi, kuna kipande cha mpira mweusi chenye urefu wa mkono, kilichopasuka ubavuni kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Wateja hudhani nimesahau kukitupa. Nimekitunza kwa sababu kilinigharimu fedha na heshima, na kwa sababu nilikwisha kukipasua kwa kalamu siku mbili kabla mashine haijawashwa. Ninaandika haya kwa ajili ya fundi kijana ambaye siku moja atafungua kitabu cha mashine ya Kimarekani, akute halijoto imeandikwa kwa alama ya °R, na asiwe na mtu wa kumuuliza.

Nilisoma ufundi mitambo kwa Kifaransa, kama wengi wa rika langu katika mji huu. Kwetu halijoto ilikuwa Selsiasi, na kwenye mtihani wa fizikia ilikuwa Kelvin, yaani unaongeza 273 kisha unaendelea na maisha. Hakuna aliyenieleza kwa nini tunaongeza, nami sikuuliza. Rankine, kipimo cha halijoto kinachotumiwa na wahandisi wa Marekani, sikuwahi kumsikia.

Mteja mmoja mwenye gereji ya kupaka rangi magari aliniletea kompresa kuukuu ya Kimarekani, ya pistoni, inayobana hewa kwa hatua moja tu hadi psi 100 (yaani pauni 100 kwa kila inchi ya mraba) kwenye geji. Bomba la chuma linalotoka kwenye kichwa cha silinda kwenda kwenye tangi lilikuwa limepata ufa kwa sababu ya mtikisiko. Nikawaza kuweka kitu kinachopinda, ili mtikisiko usilivunje tena. Katika soko la Kenya (Kenya komuni ya mji wetu, si nchi) niliona mpira mzuri, mnene, ulioandikwa psi 300 na nyuzi 100 za Selsiasi, kwa dolari 45. Kwa upande wa shinikizo sikuwa na wasiwasi. Lililobaki ni kujua hewa inatoka kwenye silinda ikiwa na moto kiasi gani.

Kitabu cha mashine, nakala iliyofifia ya Kiingereza, kilikuwa na ukurasa wa hesabu hiyo. Kanuni yake ni fupi: halijoto ya hewa inapotoka ni sawa na halijoto inapoingia, mara uwiano wa shinikizo la kutoka kwa lile la kuingia, uwiano huo ukiwa umepewa kipeo cha 0.2857. Namba hiyo ni ya hewa inayobanwa haraka bila kupata nafasi ya kupoteza joto. Pembeni mwa kanuni waliandika kwamba halijoto lazima iwe katika °R.

Upande wa shinikizo niliufanya vizuri, na ninalisema hili kwa sababu linaonyesha jinsi mtu anavyoweza kuelewa jambo kwa jicho moja. Geji ya kompresa husoma sifuri wakati hewa ya kawaida bado inatusukuma sote kutoka kila upande, kwa hiyo kwenye kanuni kama hii ni lazima uongeze shinikizo la hewa ya mahali ulipo. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1200 hivi, na kwa mwinuko huo hewa yetu hukandamiza kwa takriban kilopaskali 88, yaani psi 12.7, wakati kwenye usawa wa bahari ni psi 14.7. Nikaongeza 12.7 kwa 100, nikapata 112.7, nikagawanya kwa 12.7, ikawa 8.87. Kwa kipeo cha 0.2857 inakuwa 1.866. Hapo nilijiona mhandisi. Nilikuwa nimekubali kwamba sifuri ya geji si sifuri ya kweli, na dakika tano baadaye nikaiamini sifuri ya kipimajoto bila swali lolote.

Kosa lilianzia kwenye kitabu cha marehemu baba yangu, aliyekuwa mwalimu. Katika kitabu hicho cha fizikia cha Kifaransa, chenye jalada lililoliwa na mende, kulikuwa na jedwali la vipimo vya halijoto, na °R humo ilisimama kwa Réaumur, mtaalamu wa Ufaransa aliyetengeneza kipimajoto chake mnamo 1730. Katika kipimo chake barafu huyeyuka kwenye sifuri na maji huchemka kwenye 80. Kwa hiyo nyuzi 25 za Selsiasi, ambazo ndizo zilizokuwa karakanani mchana ule, ni nyuzi 20 za Réaumur. Nikazidisha 20 kwa 1.866, nikapata 37.3, nikarudisha kwenye Selsiasi kwa kugawanya kwa 0.8, nikapata karibu 47. Mpira ulikuwa unavumilia 100. Nikatoa dolari 45 kwa furaha.

Tuliwasha kompresa Jumamosi asubuhi. Kwa dakika tatu nne mambo yalikuwa mazuri. Kisha harufu ikaanza, ile ya kandambili iliyoangukia mkaa. Nikaugusa mpira karibu na silinda nikauona umelegea kama utumbo, na kabla sijafika kwenye swichi ukavimba upande mmoja na kupasuka kwa mlio uliowatoa watu wa nyumba ya pili nje. Hakuna aliyeumia. Mzee anayelinda uwanja wetu, ambaye zamani alifanya kazi ya mashine, alikuja polepole, akachovya vidole katika kopo la maji, akarushia matone kwenye kichwa cha silinda. Matone yalicheza, yakapiga kelele, yakatoweka. Akanitazama akasema kwa Kiswahili chetu cha hapa: “Mutoto, hapa unaweza kupika bukari, na weye unatia mupira?” (Bukari ni ugali.)

Yeye hakuwa amepiga hesabu yoyote. Ningemsikiliza, hadithi ingeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa na karatasi yenye jibu, na karatasi ilisema 47. Nikaamua kwamba mpira ni feki. Hapa kwetu maelezo hayo hukubalika upesi mno, kwa sababu mara nyingi huwa ni kweli, na kwa hiyo huwa kimbilio la kila fundi aliyekosea.

Jirani mmoja anayeuza vipuri alinisaidia kwa nusu ya ukweli. Alisema kitabu ni cha Kimarekani, na Wamarekani hupima kwa Farenihaiti, kwa hiyo °R haiwezi kuwa jambo la Wafaransa. Nikachukua 25 za Selsiasi, nikazidisha kwa 1.8, nikaongeza 32, nikapata nyuzi 77 za Farenihaiti. Mara 1.866 ni 143.7, ambazo ukizirudisha kwenye Selsiasi ni 62. Jibu lilikuwa limepanda kutoka 47 hadi 62, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa ninatafuta ukweli. Mimi nilikuwa ninatafuta ruhusa. Sitini na mbili bado iko chini ya 100, nikanunua mpira wa pili kwenye duka jingine, kwa bei ileile. Ukapasuka Jumatatu.

Tuzungumze fedha waziwazi. Mipira miwili ilikula dolari 90. Vifungio na vichwa vya kuunganishia, vilivyoharibika pamoja nayo, vilikula 30. Mteja alikata 60 kwenye malipo yangu kwa siku ambazo gereji yake haikupaka rangi, na sikuweza kumlaumu. Jumla dolari 180, na muhula ule ada ya shule ya mwanangu wa kwanza ililipwa kwa kuchelewa. Usingizi niliokosa siujumlishi humo. Kulikuwa pia na aibu ya kupita mbele ya yule mzee kila asubuhi. Alikuwa ananisalimu kwa adabu zote, na adabu zake ndizo zilizoniuma.

Aliyenitoa kwenye shimo ni mhandisi mmoja mama, aliyestaafu, tunayemwita Mama Injinia. Nilimpelekea karatasi zangu na kitabu. Hakunicheka. Alichukua kalamu akaniambia: “Mwanangu, fanya hesabu ileile mara tano, kila mara kwa kipimo kingine. Usinieleze lolote mpaka umalize.” Nikaanza. Kwa Selsiasi, 25 mara 1.866, ilitoka 47. Kwa Réaumur, 47. Kwa Farenihaiti, 62. Kwa Kelvin, 298.15 mara 1.866 ni 556.3, ukitoa 273.15 unabaki na nyuzi 283 za Selsiasi. Kwa kipimo cha tano alinipa yeye mwenyewe namba ya kuanzia, 536.67, nikazidisha nikapata 1001.4, akaniambia nigawanye kwa 1.8. Ikatoka 556.3. Kelvin ileile.

“Hewa ni moja,” akasema, “kompresa ni moja, na mtu aliyepiga hesabu ni mmoja. Mbona majibu ni matatu?”

Sikuwa na la kusema. Akaniuliza kama ninavijua vichuguu vikubwa vya nje ya mji, vile vinavyozidi urefu wa nyumba. Nani asiyevijua. Akasema: tuseme kichuguu kina mita tano, na juu yake imeota miti miwili, mmoja wa mita mbili na mwingine wa mita nne. Anayepima kuanzia kilele cha kichuguu atasema ncha ya mti wa pili iko juu mara mbili ya ile ya kwanza. Anayepima kuanzia ardhini atapata mita saba na mita tisa, na hataona “mara mbili” popote. Selsiasi hupima kuanzia juu ya kichuguu kinachoitwa barafu inayoyeyuka. Réaumur hupima kuanzia kichuguu hichohicho, ndiyo maana walikubaliana katika kosa. Farenihaiti ana kichuguu chake kingine, kilicho chini kidogo, akapata kosa lake. Kelvin na Rankine hupima kuanzia ardhini, yaani kwenye sifuri halisi, chini kabisa ambapo joto haliwezi kupungua tena: nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi, ambazo ni nyuzi 459.67 chini ya sifuri ya Farenihaiti. Kanuni yoyote inayosema “halijoto mara kadhaa” inataka ardhi. Ukiipa kichuguu, itakupa jibu bila kulalamika, na mara nyingine jibu hilo litakuwa na sura nzuri kabisa. Laiti nyuzi zile 47 zingekuwa 4000, ningeshtuka na kuokoa fedha zangu.

Baada ya hapo kuhama kutoka Kelvin kwenda Rankine kulikuwa jambo dogo mno, hata nikaona haya. Wote wawili huanza mahali pamoja, tofauti yao ni urefu wa hatua. Kati ya barafu kuyeyuka na maji kuchemka kwenye usawa wa bahari, Selsiasi na Kelvin hupiga hatua 100, Farenihaiti na Rankine hupiga 180. Mia na themanini kwa mia ni 1.8. Kelvin mara 1.8 ni Rankine, Rankine gawanya kwa 1.8 ni Kelvin, na hakuna cha kuongeza wala kutoa. Barafu huyeyuka kwenye 273.15 K, ambazo ni 491.67 °R. Maji ya pwani huchemka kwenye 373.15 K, ambazo ni 671.67 °R. Sifuri ni sifuri kwa wote wawili.

Mama Injinia alinisimulia pia kwamba majina hayo mawili ni ya majirani. William Thomson, ambaye baadaye alipewa cheo cha Lord Kelvin, alitoa wazo la kipimo kinachoanzia sifuri halisi mwaka 1848 akiwa profesa mjini Glasgow. William John Macquorn Rankine, aliyefundisha uhandisi katika chuo kikuu hichohicho, alipendekeza mwaka 1859 kipimo chenye sifuri hiyo kwa hatua za Farenihaiti, ambazo wahandisi wa Uingereza walizizoea. Dunia ya sayansi ilimfuata Kelvin. Vitabu vingi vya mashine vya Marekani bado vinamfuata Rankine, na mashine zao zikizeeka huletwa kwetu na vitabu vyake.

Nikidhani nimemaliza kujifunza, nilikosea tena mara kadhaa, ingawa makosa hayo yalikuwa ya bei nafuu.

La kwanza lilikuwa la mzunguko. Kwa woga nilizoea kutoka Kelvin kwenda Selsiasi, kisha Farenihaiti, kisha Rankine, nikipunguza 273 na kuongeza 460 kwa sababu ndizo namba rahisi kukumbuka. Kwa kuchagua bomba, mkato huo hauna madhara: 25 za Selsiasi zinakuwa 537 badala ya 536.67. Lakini baadaye niliombwa kusaidia kukagua vipimajoto vya waya kwa kutumia shaba iliyoyeyuka, na katika mji huu shaba si kitu cha kuchezea. Shaba safi huganda kwenye nyuzi 1084.62 za Selsiasi, na namba hiyo ni mojawapo ya vituo ambavyo wapimaji wa dunia nzima wamekubaliana kuvitumia. Kwa Kelvin ni 1357.77, na kwa Rankine ni 2443.99. Kwa njia yangu ya mzunguko, nikikadiria kila hatua, nilipata 2445. Nyuzi moja imeongezeka njiani bila moto wowote kuileta. Zidisha mara moja kwa 1.8, ukadirie mwishoni tu.

La pili lilikaribia kunirudisha kwenye umaskini. Mteja mwingine alitaka kipoza hewa cha kompresa yake, kishushe hewa kutoka nyuzi 190 hadi 40 za Selsiasi. Hewa ilikuwa ikipita kwa kilo 0.02 kila sekunde, na kilo moja ya hewa huhitaji takriban kilojuli 1.005 kwa kila hatua moja ya Kelvin. Tofauti ni 150. Nami, ambaye sasa nilikuwa nimeokoka na kuamini kwamba kila kitu lazima kiwe cha sifuri halisi, nikaongeza 273.15 kwenye hiyo 150. Nikapata kilowati 8.5, nikaanza kutafuta kipoza cha bei ya ng'ombe. Mama Injinia alitupia jicho karatasi akauliza: “Mota ya mashine hii ni ya kilowati ngapi?” Ilikuwa ya 5.5. “Basi joto hili la ziada unalitoa wapi?” Mota ndiyo inayoleta nguvu zote, na hewa ilikuwa bado ina moto kuliko ilivyoingia. Kipoza hakiwezi kutoa zaidi ya kilichoingia. Jibu sahihi lilikuwa kilowati 3.

Rudi kwenye kichuguu uone. Mti mmoja unaushinda mwingine kwa mita mbili, upimie kileleni au upimie ardhini, tofauti haibadiliki. Kwa hiyo tofauti ya nyuzi 150 za Selsiasi ni 150 za Kelvin hivyohivyo, na ni 270 za Farenihaiti na 270 za Rankine. Hapo unazidisha kwa 1.8 tu, wala 32, 273.15 na 459.67 hazihusiki kabisa. Kabla sijaandika namba siku hizi hujiuliza kwa sauti: hapa ninazungumzia mahali halijoto ilipo, au umbali kati ya halijoto mbili? Wanafunzi wangu hucheka kunisikia ninajisemesha.

La tatu ni la namba thabiti ya gesi, ile inayounganisha shinikizo, uzito na halijoto ya hewa katika hesabu, na hili huwapata hata waliosoma sana. Katika vitabu vyetu vya Kifaransa namba ya hewa ni 287.05, inayokwenda na paskali, kilo na Kelvin. Katika kile cha Kimarekani ni 53.35, inayokwenda na futi, pauni na Rankine. Ni namba moja iliyovaa nguo mbili. Siku moja nilitaka kujua uzito wa hewa ya Lubumbashi, nikachukua 53.35 na mengine yote ya Kimarekani, lakini halijoto nikaiacha katika Kelvin kwa mazoea. Hesabu ilinipa kilo 1.84 kwa mita ya ujazo. Hewa ya pwani, ambayo ni nzito kuliko yetu, kwa nyuzi 25 haifiki hata 1.2. Jibu sahihi kwa hapa ni 1.02, na ukigawanya 1.84 kwa 1.02 unakutana na rafiki yetu 1.8. Tangu siku hiyo, jibu langu likikataa kwa mara 1.8 au kwa kama 0.56, sitafuti mchawi. Najua nimevuka mto nikaacha kiatu kimoja ng'ambo. Ukihamia Rankine, hamia na namba thabiti yake, na vipimo vyake vyote.

Kuna na mambo madogo ya maandishi, ambayo ningependa mtu angeniambia mapema. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa huweka koma mahali Wamarekani wanapoweka nukta, nao huweka koma kutenga maelfu. Mfano uliokuwa kwenye kitabu kile uliishia na jibu la 1,001 °R, nami kwa wiki mbili nilisoma moja na sehemu moja ya elfu, nikashangaa hewa gani hiyo iliyo baridi kuliko barafu. Ndiyo maana humu nimetumia nukta na sikutenga maelfu. Kelvin haiandikwi na kiduara cha nyuzi, na imekuwa hivyo tangu mkutano mkuu wa vipimo wa 1967. Ni 298 K, basi. Rankine huandikwa °R au °Ra. Mimi nimechagua °Ra katika kila ripoti, ili asije fundi mwingine mwenye kitabu cha babaye akamwona Réaumur. Na siandiki kamwe namba ya halijoto bila herufi yake, hata kwenye kipande cha boksi.

Mtu anayeanza leo ataambiwa kwamba simu inabadilisha vipimo vyote kwa kugusa mara moja. Ni kweli, na mimi huitumia. Simu itabadilisha 150 za Selsiasi kuwa 423.15 za Kelvin bila kukuuliza kama hiyo 150 ilikuwa mahali au umbali, na itabadilisha vizuri kabisa.

Kompresa ya kwanza ilipata hatimaye bomba linalopinda lililosukwa kwa waya wa chuma, la dolari 70, linalovumilia nyuzi 400. Nilipolipima kwa kipimajoto cha mwanga, lilisoma nyuzi 190 hivi karibu na silinda. Hazikufika 283, kwa sababu silinda ina mapezi ya kupoza na hewa hupoteza joto njiani, ambapo kanuni hudhani haipotezi chochote. Lakini mwenye 283 kwenye karatasi hawezi kununua mpira wa 100. Yule mzee alikuja na kopo lake, akarusha matone, akasikiliza, akaondoka bila neno.

Ukutani, juu ya meza yenye kile kipande cha mpira, nimeandika kwa rangi nyeupe: K × 1.8 = °Ra. Mwezi uliopita kijana aliyekuja kujifunza kazi aliutazama ukuta kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: “Yaya (kwetu ni kaka mkubwa), na ile 32 imekwenda wapi?” Nikamsogezea kiti, nikamuuliza kama anavijua vichuguu vya nje ya mji.